Maswali ya Wasomaji: Kukodi Nyumba ya Likizo kwa Ajili ya Familia

Barua nyingi zilizotufikia kuelekea likizo za shule zinahusu jambo moja: familia inataka kwenda pwani au visiwani, imechoka kugawanywa katika vyumba vitatu vya hoteli, na sasa inafikiria kukodi nyumba nzima kwa siku chache. Tumechagua barua sita. Walioomba tuwatajie nyumba fulani au dalali fulani watusamehe, kwa kuwa safu hii haimtangazii mtu biashara.

SWALI: Sisi ni watu kumi: mimi na mke wangu, watoto wetu wanne ambao mdogo wao ana mwaka mmoja na miezi mitatu, shemeji yangu na wanawe wawili, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Tunataka kukaa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, usiku sita mwezi Desemba. Nimeona nyumba ya vyumba vinne kwenye Airbnb, ule mtandao wa kukodi nyumba, lakini mwenyewe ameniandikia kwamba tukimlipa moja kwa moja kwa M-Pesa atatupunguzia bei. Dalali mwingine niliyempata Facebook ana nyumba nzuri zaidi kwa nusu ya bei hiyo, ila anataka nusu ya fedha leo kwa sababu kuna mtu mwingine anayeiulizia. Nifuate njia ipi?
Baba wa watoto wanne, Eldoret

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na dalali wa Facebook, maana jibu lake ni fupi: usimtumie hata shilingi moja mpaka mtu wako mwenyewe aione nyumba hiyo kwa macho. Desemba ni mwezi ambao watu wa bara humiminika pwani, na mwenye nyumba nzuri Diani hana sababu ya kuitoa kwa nusu ya bei wakati huo. Picha anazokuonyesha huenda ni za nyumba ya kweli, lakini ya mtu mwingine kabisa, kwa kuwa ni rahisi kuzinakili kutoka tangazo halali na kuzibandika kwenye ukurasa uliofunguliwa juzi. Ukitaka kumpima, mwombe akupigie simu ya video akiwa langoni, aingie hadi jikoni, afungue bomba ulione likitoa maji, kisha atoke tena mpaka barabarani uone nyumba za jirani. Mwenye nyumba halisi, au msimamizi wake, hawezi kusumbuka na jambo la dakika tano. Tapeli atakuambia kwamba mtandao ni dhaifu, au yuko safarini, au mpangaji aliyemo ndani hataki kusumbuliwa. Kama una ndugu au rafiki Ukunda, mji ulio jirani na Diani, mpe nauli ya bodaboda aende akaangalie. Hakuna uchunguzi wa mtandaoni unaoushinda huo.

M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha muamala, nawe unapaswa kulilinganisha na jina la mtu mliyezungumza. Hata hivyo, majina kulingana hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba. Wengine hujipa moyo kwamba wakitapeliwa watapeleka ujumbe kwa namba 456 ya Safaricom na fedha zitarudi. Utaratibu ule umewekwa kwa ajili ya aliyekosea namba, na tapeli hazilazi fedha. Huzitoa mara tu zinapoingia.

Huyo wa Airbnb ni habari nyingine, kwa kuwa huenda nyumba anayo kweli. Anapokutaka mlipane pembeni, anakutaka uvunje masharti ya jukwaa lililowakutanisha, na anayepoteza ni wewe. Ukilipa ndani ya jukwaa, fedha hazimfikii mwenyeji siku hiyo hiyo. Hushikiliwa, na hutumwa kwake takriban saa 24 baada ya muda wako wa kuingia. Muda huo mfupi ndio unaokuwezesha kugundua kwamba lango limefungwa na simu haipokewi, au kwamba nyumba imekwisha kupewa watu wengine, wakati bado kuna mtu wa kumlalamikia ambaye ameshika fedha zako. Mkilipana pembeni, ulinzi huo unaondoka wote kwa mara moja, pamoja na haki yako ya kurejeshewa fedha kulingana na masharti ya kughairi yaliyoandikwa kwenye tangazo. Kwa hesabu yangu, punguzo analokuahidi ni ujira unaolipwa ili ukubali kubeba hatari, na kwa safari ya watu kumi ujira huo ni mdogo mno. Kama tatizo ni kwamba huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay, ile kadi pepe ya Visa ambayo Safaricom iliizindua mwaka 2022, hutumika kulipia mitandao ya nje.

Sisemi kwamba kila anayekodisha nje ya majukwaa ni mwizi. Zipo nyumba Diani, Kilifi na Malindi ambazo familia zimekuwa zikizirudia miaka na miaka kwa simu moja tu, na wenye nyumba hizo hawana hata tangazo. Ukifuata njia hiyo, lipia namba ya biashara yenye jina linalojulikana badala ya namba ya mtu binafsi, toa malipo ya awali yasiyozidi kiasi unachoweza kukisamehe, na omba ujumbe mmoja unaotaja tarehe, bei yote, idadi ya watu na nini kitatokea mkighairi. Uliza pia kuhusu leseni. Nchini Kenya nyumba za aina hii zinatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na agizo hilo lilisisitizwa upya Januari 2024 baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kupanga za muda mfupi jijini Nairobi. Leseni haikuhakikishii godoro zuri, lakini inakuonyesha kwamba mwenye nyumba anajulikana mahali fulani kwa jina lake kamili.

Sasa nyumba yenyewe. Tangazo likisema inalaza watu kumi, tazama vitanda vimegawanywaje, kwa sababu mara nyingi wawili kati ya hao kumi wamehesabiwa kwenye kochi la sebuleni, na shemeji yako hatafurahi kugundua usiku wa kwanza kwamba kochi hilo ni lake. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hahesabiwi katika idadi ya wageni wa Airbnb, lakini bado anahitaji mahali pa kulala, kwa hiyo uliza kama kipo kitanda cha mtoto na kama kina chandarua chake. Kuhusu mama, usiulize kama nyumba inawafaa wazee, maana utajibiwa ndiyo. Uliza kama kipo chumba cha chini chenye choo ndani yake, kuna ngazi ngapi kutoka mahali pa kuegesha gari hadi mlangoni, na kutoka uani hadi mchangani. Sehemu nyingine za ufuko wa kusini nyumba zimejengwa juu ya mwamba na bahari inafikiwa kwa ngazi za mawe. Picha iliyopigwa kutoka barazani haikuonyeshi ngazi hizo.

Swali ambalo sitakubali ulisahau ni la bwawa la kuogelea. Kwa mtoto wa mwaka mmoja anayeanza kukimbia, bwawa lisilo na uzio mita chache kutoka mlango wa sebule ni sababu tosha ya kuiacha nyumba, hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Wapo wenyeji wenye uzio wa kuondoa na kuweka, nao huufunga wakiombwa mapema. Jingine ni nyani wadogo, yaani kima na tumbili, ambao Diani ni wakazi kuliko sisi. Wanajua kufungua dirisha lililorudishwa tu bila komeo, na mkungu wa ndizi ulioachwa juu ya meza ya jikoni hautadumu muda wa kwenda kunawa miguu, kwa hiyo uliza kama madirisha ya jikoni yana wavu.

Kuhusu bei, ile inayoonekana kwa usiku mmoja isikushughulishe. Tuseme nyumba ni shilingi 20,000 kwa usiku: usiku sita ni 120,000, ada ya usafi ni 5,000, ada ya huduma ya jukwaa ni 15,000, na jumla ni 140,000, ambayo kwa watu kumi ni kama shilingi 2,330 kwa kila mtu kwa usiku. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo ya kulinganisha na hoteli, na uiongezee chakula, kwa sababu hotelini kifungua kinywa kimo katika bei na nyumbani hakimo. Mkija kwa treni, kutoka stesheni ya Miritini, Mombasa, mnaweza kupita barabara ya Dongo Kundu hadi Kwale bila kuvuka feri ya Likoni, jambo ambalo kwa mama mwenye magoti na watoto wenye njaa ni afueni kubwa.

SWALI: Shikamoo. Mwezi Juni tunakwenda Unguja na watoto wa miaka mitano, minane na kumi na miwili. Mume wangu amepata nyumba Paje kwa bei nafuu, mimi naitaka ya Nungwi ingawa ni ghali. Jirani zetu walikwenda Paje mwaka jana wakarudi wanalalamika kwamba hakukuwa na bahari. Ni kweli?
Mama wa Kinyerezi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani zenu hawakusema uongo; walikwenda siku zisizowafaa na hakuna aliyewaambia.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika Unguja hukaribia mita nne. Pwani ya mashariki, kutoka Matemwe hadi Paje, Jambiani na Makunduchi, sakafu ya bahari ni tambarare mpaka kwenye mwamba, kwa hiyo maji yakipwa huondoka mamia ya mita, na mnachokiona mbele ya nyumba ni mchanga mtupu, vidimbwi na akina mama wanaoshughulikia mashamba yao ya mwani. Kwenye ncha ya kaskazini, Nungwi na hasa Kendwa, kina kipo karibu na ufuko, na mtu huoga karibu saa zote. Tofauti ya bei uliyoiona kwa kiasi kikubwa inalipia hilo.

Lakini kabla hujamshinda mume wako kwa hoja hiyo, fungua kalenda ya mwezi. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri na tena kwenye saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi, saa ambayo watoto wamekwisha kunywa chai na wanataka kuingia majini. Jirani zenu, kwa kila dalili, walifika siku hizo. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni siku za maji mafu: bahari hujaa kwenye saa nne asubuhi, na hata ikipwa haiendi mbali sana. Familia ikipanga siku zake nne au tano kuzunguka maji mafu, Paje inakuwa mahali pengine kabisa. Wavuvi wa Jambiani hawahitaji kufungua jedwali lolote kujua hayo, na mwenyeji yeyote mzaliwa wa pale atakujibu kwa simu ukimuuliza maji yatakuwaje tarehe fulani. Asipojua, basi huenda haishi hapo.

Mimi, kwa watoto wa umri huo, ningekwenda upande wa mashariki katika siku zilizochaguliwa vizuri. Mtoto wa miaka mitano hufaidi zaidi maji yaliyopwa kuliko kina: hutembea kwenye vidimbwi akitazama kaa na samaki wadogo, mradi amevaa viatu vya plastiki, kwa sababu wamo viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo ikivunjikia unyayoni siku nzima imeharibika. Nungwi ina kelele zaidi za maduka na muziki wa usiku, na nyumba iliyo karibu na ufuko mara nyingi iko karibu na baa pia. Kinachoipendelea Nungwi mwezi Juni ni upepo. Kusi huwa limeanza, na ufuko wa mashariki hulipokea moja kwa moja, ndiyo maana utaona Paje imejaa wageni wanaoteleza juu ya maji kwa tiara. Kama yule wa miaka kumi na miwili anataka kuogelea kwa kweli kila siku, basi hoja yako ina uzito.

Popote mtakapokubaliana, ulizeni nani ananunua umeme. Nyumba nyingi zina mita ya umeme wa kulipia kabla, na mwenyeji mwingine huweka uniti za kutosha taa na friji tu, kiyoyozi mkijigharamia wenyewe. Hilo si kosa kama limeandikwa. Ulizeni pia maji ya bomba yana chumvi kiasi gani, kwa kuwa visima vya karibu na ufuko hutoa maji yasiyofaa chai wala kufulia nguo nyeupe. Na kama mtavuka kwa boti ya asubuhi, mtakuwa bandarini mapema ilhali nyumba nyingi hukabidhiwa kuanzia saa nane au saa tisa mchana. Ombeni ruhusa ya kuacha mizigo mapema. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu iacheni nyumbani, ilikwisha kupigwa marufuku.

SWALI: Tumepata nyumba Watamu ambayo tangazo lake linasema inakuja na mpishi na msimamizi. Sijawahi kukaa katika nyumba yenye mpishi asiye wa kwangu. Ni nani anamlipa, na nani ananunua chakula?
Msomaji wa kike, Nakuru

JIBU: Dada yangu, desturi ya nyumba nyingi za pwani ya Kenya ni kwamba mshahara wa mpishi umo katika bei, na chakula mnanunua ninyi. Asubuhi mnakubaliana mtakula nini, unampa fedha, anakwenda sokoni au anamsubiri mchuuzi wa samaki anayepita langoni, kisha anakurudishia chenji na hesabu. Omba hesabu hiyo iandikwe kila siku, hata kama ni kwenye kipande cha karatasi, si kwa sababu unamshuku bali kwa sababu siku ya tano hakuna atakayekumbuka bei ya samaki changu wa siku ya kwanza. Kabla ya kulipia nyumba, uliza saa zake za kazi, siku yake ya mapumziko, na kama mtungi wa gesi ni juu yenu au juu ya mwenye nyumba. Mpishi si yaya. Ukitaka aangalie watoto wakati ninyi mmekwenda matembezi, mwombe na umlipe mbali. Bakshishi mpe mkononi mwake siku ya kuondoka, na msimamizi naye mpe yake, kwani zikipitia kwa mmoja hazifiki zote.

SWALI: Assalaam alaykum. Tunaishi Muscat, na wazazi wetu asili yao ni Unguja. Safari hii tutakuja watu kumi na wanne kwa wiki tatu, wakiwemo mabibi wawili. Tunataka nyumba moja yenye faragha ambapo wanawake watakuwa huru, na jiko ambalo halikupikiwa vitu vya haramu. Mjini Mji Mkongwe au nje? Na kuna gharama gani ambazo hazionekani kwenye tangazo?
Kijana wa Muscat

JIBU: Waalaykumu salaam, kijana wetu, na karibuni nyumbani. Mji Mkongwe una uzuri wake, na najua mabibi watataka kuwa karibu na jamaa na misikiti wanayoijua, lakini kwa wiki tatu na watu kumi na wanne sikushauri. Nyumba za pale ni za ghorofa, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, gari halifiki mlangoni katika vichochoro vingi, na sanduku la kila mtu hubebwa kichwani au kwa mkokoteni. Tafuteni upande wa Mbweni, Mazizini au Fumba, ambako zipo nyumba zenye ukuta, ua na mahali pa kuegesha gari, kisha mabibi wapelekwe mjini kuzuru watu wao.

Faragha iulizwe kwa maneno ya wazi. Mlinzi analala wapi, na dirisha lake linatazama wapi? Mtunza bustani huja saa ngapi? Je, ghorofa ya jirani inaona uani au kwenye bwawa? Kuhusu kamera, Airbnb ilipiga marufuku kamera za ulinzi ndani ya nyumba kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata zile zilizotajwa kwenye tangazo, na za nje lazima zielezwe zimewekwa wapi. Nyumba mliyoipata kwa njia nyingine haifungwi na kanuni hiyo, kwa hiyo mwenyeji aandike kwamba hakuna kamera ndani, na aseme za nje zinaelekea upande gani, kwa kuwa inayotazama bwawa haiwafai.

La jiko ni gumu zaidi, kwa sababu nyumba iliyokodishwa kwa wageni wa kila aina imepikiwa kila kitu, na mwenyeji akikuahidi vinginevyo huenda anakufurahisha tu. Zipo nyumba za Waislamu ambao wameandika katika masharti yao kwamba pombe na nguruwe haviingii, nazo ndizo za kuanzia. Msipopata, nunueni sufuria mpya chache, sahani na visu sokoni Darajani. Kwa wiki tatu gharama hiyo ni ndogo, na mkiondoka mnawaachia jamaa.

Gharama zisizoonekana zipo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ilipangwa kuwa dola 44 za Marekani, na bima mliyokata Oman haichukui nafasi yake. Watu kumi na wanne hiyo ni hesabu, kwa hiyo iingizeni mapema. Muulizeni mwenyeji kama tozo za serikali zinazodaiwa kwa kila mgeni kwa kila usiku zimo katika bei yake. Upande wa nafuu, kukaa wiki tatu kunawapa nguvu ya kujadiliana: wenyeji wengi wameweka punguzo la wiki au la mwezi, na asiyeliweka hukubali akiombwa kwa adabu, hasa nje ya Julai, Agosti na Desemba. Akitaka nakala za pasipoti zenu, andikeni juu ya kila nakala jina la nyumba na tarehe ya kukaa, ili isitumike mahali pengine.

SWALI: Tulifika Nyali, Mombasa, saa tano usiku tukitokea Kampala, tukakuta nyumba siyo ile ya kwenye picha: vyumba vitatu badala ya vinne, na jikoni hakuna friji. Watoto walikuwa wamechoka, tukalala. Siku ya tatu tukahamia hotelini na tuliporudi nyumbani tukadai fedha zetu, tukanyimwa. Tulikosea wapi?
Mzazi, Kampala

JIBU: Kulala hakukuwaharibia kitu, kuondoka kimya ndiko kulikowaharibia. Airbnb inamtaka mgeni atoe taarifa ndani ya saa 72 tangu alipogundua tatizo, na anayehama bila kumpa mwenyeji nafasi ya kulirekebisha, wala kuacha neno katika programu, anaonekana kama aliyebadili nia tu. Usiku uleule mngepiga picha mahali palipopaswa kuwa na friji na chumba kilichokosekana, mkamwandikia mwenyeji sentensi mbili ndani ya mazungumzo ya programu badala ya WhatsApp, kisha mkalala. Asubuhi, kama hakuna jibu la maana, mngepiga simu kwa huduma kwa wateja kabla ya kulipia hoteli, mkauliza kama wanakubali mhame. Kwa majukwaa mengine, kama Booking.com, ambako mara nyingi mgeni humlipa mwenye nyumba akifika, hakikisheni mnaikagua nyumba kwanza na fedha zitoke baadaye, hata kama ni saa tano usiku na watoto wanalia.

SWALI: Mimi niko upande wa pili: ninakodisha nyumba yangu ya vyumba vitatu Kilifi. Pasaka iliyopita familia iliandika watu sita, wakafika kumi na mmoja. Niliona aibu kuwarudisha. Maji yaliisha siku ya pili, na choo kikaziba. Nifanyeje wasiopenda kusema ukweli wasinifanyie hivyo tena?
Mwenye nyumba, Kilifi

JIBU: Mzee wangu, wengi wao hawakukusudia kudanganya. Katika familia zetu, anayeandika safari huhesabu wanaolipa, kisha binamu wanasikia, na shangazi haachwi. Ndiyo maana kuandika kwamba idadi ya juu ni sita hakutoshi. Eleza sababu yake katika tangazo: tangi ni la lita kadhaa, boza la maji likiitwa linagharimu kiasi fulani, na shimo la choo limejengwa kwa watu sita. Mtu akiona sababu hupunguza watu mwenyewe, au hukuuliza. Kisha weka bei ya kila mgeni anayezidi, kwa usiku, ikiwa ndani ya jukwaa ili usidaiane fedha langoni, na taja kama watoto wanahesabiwa.

Siku tatu kabla ya kufika, watumie ujumbe wa kawaida ukiuliza watakuwa wangapi, wakubwa na wadogo, ili utandike vitanda vya kutosha. Swali hilo la vitanda huleta ukweli ambao swali la masharti haliuleti, nawe unakuwa na muda wa kuongeza magodoro mawili, kuita boza, au kuwaambia mapema kwamba haiwezekani. Wakifika wamezidi bila kusema, usiwarudishe usiku na watoto. Wapokee, andika idadi yao ndani ya programu mbele yao, omba malipo ya ziada kwa njia hiyohiyo, na asubuhi zungumza na aliyeandika jina lake, peke yake, si mbele ya mama mkwe wake. Boza uliite siku ileile ya kwanza, kabla tangi halijakauka, na risiti yake umtumie aliyekodi humohumo ndani ya programu.